Sura ya Mwenye Mji

Kitu cha kwanza ninachowakataza wanafunzi wangu ni kupaka. Wanakuja darasani na vibegi vya poda, wanja na rangi za midomo, wengi wao mabinti waliokwisha kupamba maharusi kwenye saluni za Tarime mjini, na mimi nawaambia waviweke chini ya dawati. Muhula mzima wa kwanza hatupaki kitu. Tunajenga: pua, paji la uso, kovu, mifuko ya chini ya macho, shingo iliyolegea. Wapo wanaonuna. Binti mmoja aliniuliza waziwazi kama chuo kinafundisha kuremba watu au kuwaharibu. Nikamjibu kwamba kuharibu ndiko kugumu, kuremba hata kioo kinafundisha.

Sababu yangu ni jua. Huku kwetu maigizo hayachezwi ukumbini kwenye taa. Yanachezwa uwanja wa shule ya msingi, alasiri, jua likiwa limelalia upande mmoja. Ukichora mkunjo wa uzee kwa penseli ya kahawia umechora kivuli, na jua nalo linachora kivuli chake, upande wake. Mtazamaji wa kijiji kama Susuni hajui kosa hilo linaitwaje, lakini analiona, na anacheka mahali ambapo hukutaka acheke. Ukiujenga mkunjo wenyewe, ukainuka juu ya ngozi, jua litakufanyia kazi iliyobaki. Hilo ndilo somo lote, mengine ni kunawa mikono.

Mimi si wa Tarime. Kwetu ni upande wa Mugumu, Mwikoma wa kuzaliwa, nikasomea sanaa Pwani, nikarudi Mara kwa sababu zisizomhusu msomaji. Chuo ninachofundisha ni kidogo, na somo langu kwenye ratiba linaitwa upambaji wa sura jukwaani. Wanafunzi wanaliita vichwa. Hawajakosea sana, maana kwenye rafu ya ukutani kuna vichwa vyao vyote, vyeupe, vya plasta, vimefumba macho. Mfagizi wetu hakuwahi kukubali kuingia chumba hicho peke yake.

Vifaa tunavipata kwa kuhangaika. Mpira wa maji, ule mweupe unaokauka ukawa ngozi, unatoka Nairobi na kupitia Sirari, na una harufu ya mkojo wa siku nyingi. Ofisa mmoja wa mpakani alifungua dumu, akavuta pumzi, akaniambia, "Mama, maziwa yako yameharibika." Nilimshukuru nikapita. Plasta ni zile bendeji za hospitali za kufungia mguu uliovunjika, na kwa jinsi bodaboda zinavyoendeshwa Tarime hakuna mwanafunzi anayehitaji kuelezwa matumizi yake. Udongo tunachimba wenyewe kule mtoni.

Lakini shida kubwa haikuwa vifaa, ilikuwa macho. Nilipowaambia wajenge uso wa mzee, wote walijenga mzee mmoja: ndevu, mistari ya paji, mashavu yaliyobonyea. Mzee wa kwenye runinga. Nikawauliza kama nyumbani kwao hakuna wazee, wakatazamana. Ilinichukua muda kuelewa, ingawa nami nimelelewa hivyohivyo. Huku, kijana anapomwamkia mkubwa shikamoo, anatazama chini. Wangeweza kukueleza miguu ya babu zao ukucha kwa ukucha, na katambuga walizovaa, na pindo la shuka, na fimbo. Pua walikuwa hawajaiangalia ikatosha. Nikawapeleka mnadani wakae pembeni wakitazama nyuso, na mama mmoja muuza dagaa akawauliza kama wamekuja kununua dagaa au kununua uso wake. Walirudi na aibu na michoro mibaya.

Kijana mmoja tu alileta mchoro wa maana. Alikuwa amechora sikio la mwanamke mzee, lile la Wakurya wa zamani, ndewe iliyotobolewa na kuvutwa hadi ikaning'inia, na ndani ya tundu lile alikuwa ameona kitu ambacho hakionwi na mtu anayetazama mara moja: ngozi ya pembeni ni laini na inang'aa, ya chini imechakaa. Nilimuuliza sikio la nani. Akasema la bibi yake, na kwamba bibi hakuona ubaya, kwa sababu bibi na mjukuu ni watani, wanaangaliana wanavyotaka. "Hata mimi ananiambia nina kichwa cha ndama," akasema.

Alitoka Nyanungu, ndani kabisa, ambako ng'ombe ni wengi kuliko magari. Alikuwa na mikono mizuri kuliko wote niliowahi kufundisha, nasema hivyo bila kupepesa macho, na mimi si mtu wa kusifu. Nilikuwa na mpango naye. Rafiki yangu niliyesoma naye Pwani anatengeneza filamu Dar es Salaam na alikuwa ananisumbua nimpatie mtu wa kujenga sura. Nilishamwambia kwamba mtu yupo, amalize mtihani tu.

Kijana naye alikuwa na mpango wake, na ili ueleweke lazima nieleze nyumba aliyotoka. Huyo bibi hakumzaa baba yake wala mama yake. Alikuwa mjane ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwa ile desturi ya Wakurya inayoitwa nyumba ntobhu, alitoa ng'ombe akaoa binti, ili nyumba ya marehemu mumewe isife. Binti huyo ndiye aliyemzaa kijana wangu. Mwanamume aliyezaa naye hahesabiwi, na mtu mwenye adabu haulizi. Mtoto ni wa nyumba ile, marehemu ni babu yake, na ukoo wa marehemu ni ukoo wake. Mama yake alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi, wakabaki yeye na bibi kwenye mji wao. Huku Mara boma la mtu tunaliita mji, na anayelishika ni mwenye mji.

Swali lililokuwepo ni nani atakuwa mwenye mji bibi akiondoka. Bibi alikuwa amedhoofika, kifua kilimsumbua, na kila masika kilimsumbua zaidi. Mdogo wa marehemu mumewe, mzee ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa hajasimama mbele ya watu akasema kwamba kijana ndiye. Hakukataa. Hakusema tu, na mzee asiposema jambo halijawa. Pengo hilo lilijazwa na midomo ya vijana. Watoto wa huyo mzee, wa rika la kijana wangu, walikuwa wakimuuliza malishoni na kwenye pombe ni wapi, Nyanungu nzima, amewahi kuona pua inayofanana na yake.

Mtihani wa mwisho wa somo langu ni huu: kila mwanafunzi anachagua mtu mzee wa kweli, anausoma uso wake, anaujenga, kisha anauvaa na kuucheza mbele ya watu katika kata ya mmoja wao. Mwaka ule zamu iliangukia Nyanungu. Nikamuuliza kijana atamfanya nani, nikitarajia bibi, kwa sababu ya lile sikio.

"Nitamfanya babu," akasema.

"Una picha yake?"

"Hakuna. Hakuwahi kupigwa."

"Wewe ulimwona?"

"Alikufa zamani, hata mama alikuwa hajaolewa pale. Lakini bibi anamkumbuka."

Alinieleza. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi polisi wa nchi fulani wanavyochora mhalifu kwa maneno ya aliyemwona. Bibi angesema, yeye angejenga. Na siku ya mchezo, babu angetokea uwanjani kwenye uso wake, watu wa ukoo wamwone, midomo ifungwe.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia mpira wa maji hauna ukoo, naweza kumfanya afanane na mkuu wa chuo kabla ya chai ya saa nne, na hiyo haitamfanya kuwa mwanawe. Kufanana kwa gundi si ushahidi.

"Siyo mahakama, mwalimu," akasema. "Nataka tu waone inawezekana."

Nilikubali. Kumwigiza marehemu mbele ya ukoo wake si jambo dogo, lakini ruhusa inatolewa na nyumba yake, na nyumba ilikuwa bibi. Zaidi ya hapo kazi yenyewe ilinivutia. Kujenga uso wa mtu kutoka kwenye kumbukumbu ya mtu mwingine ni kitu ambacho hata mimi sikuwahi kukifanya.

Tukachukua umbo la kichwa chake. Alilala juu ya meza, tukampaka mafuta ya mgando, tukamfunika uso kwa bendeji za plasta na kumwachia matundu ya pua, na wenzake wakawa wanamuuliza bodaboda gani imemgonga. Kutoka kwenye umbo hilo tukapata kichwa chake cheupe, sawa na yeye kila kitu. Juu ya kichwa hicho ndipo unapobandika udongo na kujenga sura mpya, na ni sheria ya kazi hii kwamba unaweza kuongeza lakini huwezi kupunguza: mfupa wa mchezaji uko palepale chini. Ukikamilisha udongo unauchukulia kalibu ya plasta, ndani yake unamimina mpira wa maji, ukikauka unaumenya, na hiyo ndiyo ngozi ya kuvaa.

Kila Ijumaa alikifunga kichwa chake kwenye gunia bichi akaenda nacho Nyanungu. Ijumaa moja askari wa njiani alisimamisha bodaboda akauliza kwenye gunia kuna nini. "Kichwa," akajibu. "Cha nani?" "Changu." Alifika kwao jioni ile, lakini kwa kuchelewa sana.

Alipokirudisha mara ya kwanza nilifurahi. Palikuwa na mzee pale. Paji pana, pua nzito, taya la mtu wa kuamuru. Ilionekana bibi anamkumbuka mumewe vizuri. Mara ya pili pua ilikuwa imepungua. Mara ya tatu taya lilikuwa limeondoka, na udongo wa mashavu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba plasta ilianza kuonekana.

"Unajenga au unabomoa?" nikamuuliza.

"Bibi ndiye anasema ipungue."

"Ukipunguza zaidi utabaki wewe."

"Nimemwambia. Anasema mimi nishike udongo, yeye ashike kumbukumbu."

Nilikwenda Nyanungu Jumamosi moja nijionee. Nilimkuta amekaa juu ya kigoda, mgongo ukutani, mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga mbili, na ndewe za masikio zilikuwa zilezile za kwenye mchoro. Kichwa cha udongo alikuwa amekipakata. Nilimwamkia.

"Marahaba," akasema. "Kumbe wewe ndiye mwalimu wa vichwa."

Tuliongea Kiswahili na Kikurya, maana Kiikoma changu hakiko mbali sana na lugha yake, tukikwama kijana anatuvusha. Nilimuuliza mzee alikuwa na pua ya namna gani. Akasema ilikuwa ya kuvutia hewa. Nikamuuliza kuhusu kidevu. Akasema kilikuwa chini ya mdomo. Mtu aliyezoea kujibiwa na wanafunzi hapendi majibu ya namna hiyo, na nilikasirika kidogo, lakini nilikuwa mgeni, na uji wake nilikuwa nimeushika mkononi.

Nikatazama anavyofanya kazi. Kijana alikuwa zizini anamfunga ndama. Bibi alimwita jina, akageuka. Akamtazama kwa muda, kijana amesimama na kamba yake akisubiri kuambiwa kitu, kisha akamwambia aendelee. Akashusha kidole gumba akabonyeza udongo chini ya jicho, taratibu, akavuta mkunjo hadi pembeni ya mdomo. Baadaye akamwita tena. Nilidhani anapima upana wa kichwa kwa macho, maana kichwa ni kilekile. Mkunjo wenyewe ulikuwa mzuri. Ulipita palepale ambapo ngozi ya kijana ingevunjika yenyewe, na niliuandika akilini kama bahati.

Kijana alinisindikiza hadi barabarani. Nikamwambia habari za Dar es Salaam, kwamba rafiki yangu anamsubiri, kwamba mikono kama ile haitakiwi kuozea kwenye kufunga ndama. Sikutumia maneno hayo, lakini yalikuwa ndiyo.

"Wakishanitambua kwenye mji, nitakwenda," akasema.

"Ukishaupata mji utauacha?"

"Mji hauhami, mwalimu."

Nililiona kuwa jibu zuri. Niliondoka nimeridhika.

Siku ya mchezo tulifika Nyanungu na gari la kukodi, wanafunzi, mabegi na vichwa. Shule ilitupa darasa moja la kujiandalia. Mimi mwenyewe nilimvalisha kijana, kwa sababu kingo za mpira zikikosewa hata kidogo kazi ya muhula mzima inakuwa barakoa. Unaanzia katikati, puani, unakwenda nje, unapiga gundi kidogokidogo, unasubiri inate. Kisha poda, kisha rangi ya ngozi, maana hiyo ndiyo siku pekee ambayo nawaruhusu kupaka. Nyusi tulizitia mvi kwa mswaki. Nikamfunga shuka, nikampa fimbo, nikasogea nyuma kumwangalia.

Kazi ilikuwa safi. Hapakuwa na mahali unapoweza kuonyesha kwa kidole ukasema hapa ngozi inaisha, hapa mpira unaanza. Alikuwa mzee. Lakini alikuwa mzee niliyemzoea, na jambo hilo lilinikera, kwa sababu mimi sikuwahi kumwona marehemu na sikutakiwa kumzoea.

Watu walikuwa wengi. Wanawake walikaa upande wa madarasa, na bibi alikuwa kati yao, amewekewa kiti kwa ajili ya kifua chake. Wazee walikaa upande wa pili, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, na yule mdogo wa marehemu alikuwa katikati ya benchi la mbele, koti zito juani, fimbo katikati ya magoti. Kabla ya kuanza kijana mmoja wa chuo alitangaza, kama tulivyokubaliana na nyumba, kwamba atakayetokea ni marehemu mwenye mji fulani, na kwamba bibi ameridhia. Mzee alitikisa kichwa kwamba amesikia.

Mchezo wenyewe walitunga wanafunzi. Ndugu wawili wanagombea mpaka wa shamba, wamekwisha kung'oa mkonge wa mpaka na kupeana kila aina ya jina, na babu yao aliyekufa anarudi kuwauliza nani amewaambia kwamba shamba ni lao. Watu walicheka sana kwenye ugomvi. Kijana alipoingia kwa mwendo wake wa polepole, kicheko kikapungua kikaisha. Alisimama kwenye jua, na jua likaingia kwenye mikunjo ile, na kila aliposogeza kichwa vivuli vilisogea naye. Mimi nilikuwa natazama kingo. Hazikufunguka. Kama mwalimu, nilikuwa na furaha kamili kwa muda wa mchezo huo.

Ulipokwisha, watu walipiga makofi, na yule mzee akanyanyua fimbo. Kelele zikashuka. Akamwita kijana asogee mbele yake, kijana akaenda, amevaa bado uso ule.

"Mura," mzee akasema, kwa neno la Kikurya la kumwita kijana, "umesema umemvaa nani?"

"Babu. Mwenye mji wetu."

Mzee alimtazama. Alimtazama kwa namna ambayo ningependa wanafunzi wangu wote wajifunze, kuanzia paji hadi koo, bila haraka.

"Mimi na ndugu yangu tulilala ngozi moja tangu tukiwa watoto," akasema. "Ndugu yangu alipigwa teke na ng'ombe akiwa mdogo, pua ikalala upande huu. Na taya lake lilikuwa kama langu hili. Huyu si yeye."

Hakuna aliyecheka. Wale vijana wa mzee walikuwa wamesimama nyuma ya benchi, na nilimwona mmoja akimgusa mwenzake kwa kiwiko. Kijana alisimama palepale. Uso wa mpira hauonyeshi kila kitu, lakini macho hayafunikwi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyesukumwa kwenye maji. Niliogopa kwa ajili yake. Niliwaza pia, lazima niseme, kwamba nilimwonya.

Mzee akageuza shingo upande wa wanawake. "Shemeji," akasema, "wewe ndiye uliyemwelekeza. Huyu ni nani?"

Bibi hakusimama. Aliongea kwa sauti ndogo, ya kifua kibovu, na uwanja ukasogea kumsikia. Aliongea Kikurya, na nilikielewa.

"Si ndugu yako," akasema. "Ndugu yako nilimtafuta. Siku ya kwanza nilipata pua na taya, nikatazama, nikaona ni wewe. Nimekuona miaka mingi kuliko nilivyomwona yeye, ukamfunika. Uso wake umenitoka."

"Sasa huyu?"

"Huyu ni huyuhuyu mjukuu wangu. Akiwa mzee." Alivuta pumzi kwanza. "Nilikuwa na udongo mkononi na kichwa chake mapajani, nikaona badala ya kumtafuta aliyekwisha kwenda, nimtafute huyu. Nyinyi mtamwona akizeeka hapa. Mimi sitamwona. Nikasema nimwone sasa."

Kijana alikuwa hajui. Hilo lilikuwa wazi kwangu na kwa kila mtu. Alipeleka mkono usoni, kwenye shavu lile la mpira, akaugusa mkunjo. Nilimkumbuka bibi akimwita ageuke kule zizini, na nikaelewa nilichokuwa nimekiona. Nilikuwa nimefundisha miaka yote hiyo namna ya kujenga uso wa mtu mzee, na haikuwahi kunijia kwamba mtu anaweza kuutaka uso huo kwa mapenzi tu.

Mzee aliirudisha fimbo katikati ya magoti. Wale vijana wake walianza kunong'ona kuhusu kufanana, na bila kugeuka aliwaambia wanyamaze, kwamba habari za nani anafanana na nani ni maneno ya wasio na kazi, na nyumba ile ilitoa ng'ombe, ng'ombe walihesabiwa, wakaenda kula majani ya wakwe. Halafu akamgeukia kijana. Lakini kabla ya kusema, alinitazama mimi, nilipokuwa nimesimama karibu na mlango wa darasa. Nikajua kwamba habari za Dar es Salaam zimemfikia.

"Mura, mimi sijawahi kuuliza umetoka wapi," akasema. "Ninachouliza ni kimoja. Nasikia unakwenda mjini kutengeneza nyuso. Nenda, watu wanakwenda. Lakini huyu mzee tuliyeonyeshwa hapa atazeekea wapi? Maana nimeona watoto wengi wanashika mji mkono mmoja, mkono mwingine wanatafuta mnunuzi."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa limemfunga mdomo muda wote. Kijana na mimi tulikuwa tumehangaika muhula mzima kujibu swali ambalo hakuna mzee aliyeliuliza.

Nilimwangalia kijana na nilitaka ajibu kwa ujanja. Lipo jibu la ujanja, kila mtu aliyesoma analijua: nitakwenda na kurudi, nitajenga nyumba ya bati, nitatuma hela. Alikuwa na akili ya kutosha kulisema. Alimtazama bibi upande ule, amekaa kwenye kiti cha shule, mikono mapajani.

"Hapa," akasema. Midomo ilikuwa mizito kwa gundi, akarudia. "Nitazeekea hapa. Na bibi akiwa hai siendi popote."

Mzee aliinua fimbo, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma kwamba waliopo wamesikia, na yeye amesikia, na kwamba mji ule una mwenyewe. Kisha akasogea kwenye benchi. Wazee wa kulia kwake wakasogea pia, mmoja baada ya mwingine, hadi ikapatikana nafasi ya mtu. Kijana wa umri ule hakai pale. Aliangalia nafasi ile, akaangalia chini kama alivyolelewa, kisha akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti.

Niliumia. Watu wanatarajia mwalimu aseme alifurahi, na labda upande mmoja nilifurahi, lakini nilichokisikia zaidi ni maumivu, kwa sababu mikono ile haitapatikana tena, na rafiki yangu Dar es Salaam amekwisha kumchukua mtu mwingine ambaye hajui tofauti ya mkunjo na mchoro. Bado namwona kijana siku za mnada, ana ng'ombe wake, tunasalimiana vizuri. Sijazoea.

Siku ile nilijishughulisha na kazi, kama kawaida yangu ninapoumia. Gundi ikikaa sana inachubua ngozi. Nilichukua chupa ya dawa ya kuitolea na pamba, nikavuka uwanja kwenda kumvua. Njia yangu ilipita mbele ya kiti cha bibi. Alinyoosha mkono akanishika kanga, bila kuniangalia, macho yake yakiwa kwenye benchi la wazee, na akaniambia kwa Kiswahili ili nisikose kuelewa:

"Mwalimu, ngoja kidogo. Bado namwangalia."